Mwati Huenea Palipokosa Mikono

Wageni wengi wanaofika Njombe hudhani miwati ni miti ya asili ya huku. Wanaiona kila upande: kwenye mipaka ya mashamba, kandokando ya barabara iendayo Makambako, nyuma ya vyoo, kwenye kingo za makorongo, na hata katikati ya tuta la njegere ambalo mwenyewe amechelewa kulipalilia. Maua yake ya manjano mpauko yamekuwa sehemu ya sura ya mji wetu wenye baridi, hata sisi wenyeji tunasahau kwamba bibi zetu walizaliwa mti huu haupo.

Nimeishi na mwati maisha yangu yote. Baba alitulea kwa ujira wa kubandua magome yake. Mimi nilifundisha shule ya msingi Makambako nikipikia kuni zake. Sasa nimestaafu na kurudi Njombe, na kila masika bustani yangu ya robo ekari hunidai niung'oe. Naiandika historia yake kwa sababu ina jambo la kumfunza kila mwenye bustani. Mmea unaosambaa kupita kiasi hauenei kwa nguvu zake peke yake. Huenea pale mikono iliyokuwa ikiutumia na kuuzuia inapoondoka.

Mbegu ilivyosafiri

Kwao mwati ni kusini-mashariki mwa Australia. Mwaka 1864 mlowezi mmoja, John Vanderplank, alileta mbegu zake Camperdown, katika Natal, Afrika Kusini. Alitaka kivuli, kinga ya upepo na kuni, kwa kuwa nyanda zile zilikuwa za majani matupu. Miaka ya 1880 ndipo wakulima wa Natal walipoanza kupata fedha katika gome. Gome la mwati lina tanini nyingi, na tanini ndiyo inayoigeuza ngozi mbichi kuwa ngozi isiyooza. Wakati ule dunia ilihitaji ngozi kwa viatu vya askari, matandiko ya farasi na mikanda ya kuzungushia mashine viwandani. Mti uliopandwa kwa ajili ya kivuli ukawa mali ya kuuzwa ng'ambo.

Kutoka Natal mbegu zilipanda kaskazini. Mwanzoni mwa karne ya 20 miwati ilikuwa imeshapandwa Kenya, na wakulima wa Kikuyu waliipokea haraka kwa kuni, mkaa na magome. Mwaka 1909 daktari na mtaalamu wa viumbe kutoka Marekani, Edgar Mearns, alikuja Afrika Mashariki katika msafara wa Theodore Roosevelt, akachukua sampuli ya mwati uliokuwa umepandwa huku. Mwaka 1925 mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Émile De Wildeman, aliitumia sampuli hiyo kuueleza mti kitaalamu, akaupa jina la Acacia mearnsii. Mti wa Australia uliandikishwa katika vitabu vya sayansi kwa tawi lililokatwa Afrika Mashariki. Kwa hiyo muda mrefu kabla ya Njombe kuujua, mwati ulikuwa umeshajifanya mwenyeji wa nyanda za juu za upande wetu.

Huku kwetu ulifika kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilitoka vitani ikiwa na madeni, ikataka makoloni yake yazalishe zaidi. Mwaka 1947 ilianza mpango mkubwa wa karanga kule Kongwa, mpango ambao haukufika mbali; mwaka 1951 ulikuwa umeachwa. Mwaka 1948 iliunda shirika la kuendeleza makoloni, lile ambalo watu wengi wamelijua kwa kifupi cha CDC. Mwaka 1949 shirika hilo likaanzisha Tanganyika Wattle Company hapa Njombe. Sisi tunaiita Tanwat. Karanga za Kongwa zilishindwa na ukame na udongo mgumu, lakini miwati ya Njombe ilikutana na kila ilichokitaka: baridi, mvua ya kutosha, udongo wenye kina, na nyanda zilizo wazi.

Nyanda hizo hazikuwa tupu. Wazee wetu walilisha ng'ombe huko na kulima ulezi, wakilaza shamba miaka kadhaa kabla ya kulirudia. Lakini kabla ya Tanwat, kijana wa Kibena aliyetaka fedha ya kodi na mahari alikuwa na njia chache. Alikwenda kuwa manamba katika mkonge wa Tanga na Morogoro, au aliteremka Mufindi kuchuma chai. Miwati ilileta ujira karibu na nyumbani, na ndiyo sababu watu walioilalamikia ardhi yao ndio hao hao waliokwenda kuandikishwa kazi.

Kazi ya magome

Baba aliandikishwa akiwa kijana. Viganja vyake vilikuwa na rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni, kwa kuwa tanini hushika ngozi ya mtu kama inavyoshika ya ng'ombe. Siku za likizo alinichukua kumpelekea chakula, nikakaa kwenye gogo kumtazama.

Alianza chini. Kwa shoka dogo alizungushia mkato kwenye shina karibu na ardhi, akaingiza ncha ya panga kati ya gome na mti, akainua ulimi wa gome wenye upana wa kiganja. Kisha aliushika kwa mikono miwili na kuuvuta kwenda juu huku akirudi nyuma hatua kwa hatua. Wakati wa mvua, maji ya mti yanapopanda, gome huachia kwa sauti ya kitambaa kinachochanika, na shina linabaki jeupe, linang'aa, lina utelezi. Wakati wa baridi kavu ya Juni na Julai gome hung'ang'ania, mtu hulitoa vipande vipande na jasho linamtoka hata kwenye baridi. Sehemu ya chini ikiisha, mti uliangushwa, ukabanduliwa sehemu ya juu. Magome yalifungwa mizigo na kupelekwa kiwandani. Magogo yakawa kuni, mkaa na nguzo.

Kitu kimoja alichokijua kila mbanduaji ndicho kilichonisaidia bustanini miaka mingi baadaye. Mwati uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote hautapona. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa kupitia gome. Ukilikata pete nzima, mizizi hufa njaa.

Mwati pia si kama mkaratusi. Mkaratusi ukiukata leo, mwezi ujao kisiki kimejaa machipukizi. Mwati uliokatwa chini kabisa huchipua kwa shida au hauchipui kabisa. Unaokatwa juu, ukaachiwa kisiki cha kufika gotini, ndio unaorudi. Nguvu ya mwati haiko kwenye kisiki, iko kwenye mbegu.

Mama zetu waliupokea

Itakuwa dhuluma kuandika kana kwamba mwati ulituvamia. Tuliuomba. Njombe ya zamani ilikuwa nchi ya majani, na mwanamke alitembea mbali sana kutafuta kuni. Mti uliokua haraka, ukatoa kuni kavu zinazowaka bila moshi mwingi, ulikuwa neema. Wafanyakazi walirudi na miche, wengine na mbegu mfukoni, wakapanda mipakani na nyuma ya nyumba. Mama alipanda mstari mmoja upande wa kusini wa bustani yetu kukinga upepo wa baridi ulioziunguza mboga.

Katika bustani ile hakuna sehemu ya mwati iliyotupwa. Maotea yaliyojitokeza baada ya mvua sisi watoto tuliyang'oa kabla ya kwenda shule, tukawatupia mbuzi. Yaliyoponyoka yakafikia urefu wa mtu mzima yakawa miti ya kuegemezea maharage na mipasheni. Yaliyofikia unene wa kifundo cha mkono yakawa fito za kujengea. Magome ya miti midogo yalikuwa kamba za kufungia fito hizo, na za kufungia matita ya kuni. Mti mkubwa ukawa boriti au mkaa. Kila umri wa mwati ulikuwa na mtu anayeusubiri.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kudhibiti mmea unaosambaa, na haikuandikwa na bwana shamba yeyote. Mti haukupata nafasi ya kuzeeka na kumwaga mbegu kwa sababu mahitaji ya nyumba yaliufikia mapema. Hakuna aliyesema anapiga vita mwati. Watu walikuwa wakiishi tu, na kuishi kwao kuliuweka mti mahali pake.

Mikono ilipoondoka

Mara ya kwanza nilipouona mwati ukishinda nilikuwa msichana, katikati ya miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji. Familia zilizokuwa zikiishi zimetawanyika zilihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Nyumba ya babu upande wa mama iliachwa kwa siku moja: milango ikang'olewa, mabati yakabebwa, wazee wakatembea nyuma wakiwa na kuku mikononi. Mashamba ya mbali yakabaki bila mtu wa kuyafikia kila asubuhi. Mama aliponichukua miaka michache baadaye kutafuta mawe ya mafiga ya bibi, hatukuweza kuingia. Pale palipokuwa na boga, magimbi na migomba palikuwa pamesimama miwati myembamba iliyobanana, mtu hapenyi bila nyengo. Mstari mmoja wa kukinga upepo ulikuwa umemeza kiwanja kizima.

Sababu yake ni mbegu. Mbegu ya mwati ni ndogo, nyeusi, ina ganda gumu lisilopitisha maji. Mti mmoja humwaga maelfu kwa maelfu, na sehemu kubwa hailali juu ya ardhi kusubiri ndege. Huzama udongoni na kulala, na inaweza kulala miaka mingi, hata zaidi ya miaka 50, ikiwa hai. Inaamshwa na joto. Ndiyo maana wanaootesha miche humwagia mbegu maji ya moto kabla ya kuzipanda, na ndiyo maana moto ukipita kwenye shamba lenye mbegu, mvua za kwanza huleta zulia la kijani la miche isiyohesabika. Katika mahame yetu watu walichoma majani kila kiangazi ili kuwinda au kupata malisho. Kila moto uliamsha kundi jingine.

Mara ya pili ilikuja taratibu zaidi. Viwanda vya ngozi duniani vilikuwa vimegeukia chumvi za kromiamu, ambazo husindika ngozi kwa saa chache badala ya wiki, na gome halikuwa tena na bei ileile ya kumtoa mtu kitandani. Tanwat yenyewe iliongeza chai na mbao, na mwaka 1995 ikaanza kuzalisha umeme kwa kuchoma kuni, megawati 2.5, umeme ambao uliwasha taa za mji wa Njombe. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini kwa mkulima mdogo mwenye miti kumi mpakani, gome lililokuwa fedha likawa takataka. Miti iliachwa isimame, ikazeeka, ikamwaga mbegu.

Mara ya tatu ni ya uchungu, nami naiandika kwa sababu kuinyamazia ni kuwanyima waliokufa haki yao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12, mkoa wetu ukiwa ndiyo kwanza unazaliwa kutoka Iringa, uliikuta Njombe ikiongoza nchi nzima kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI: asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Kabla ya dawa kufika kila mahali tulizika vijana wiki kwa wiki. Makambako, mji wa njia panda na malori, niliona madawati darasani yakikaliwa na watoto wanaolelewa na bibi. Bibi wa miaka 70 hawezi kulima tuta lililolimwa na watu wanne. Ukipita mitaani ungeweza kujua nyumba ipi imefiwa bila kuuliza, kwa kutazama bustani. Miwati ilisimama hadi dirishani.

Nimewasikia watu wakisema nyumba kama hizo ni za wavivu. Sikubaliani nao hata kidogo. Msitu ule ulionyesha kwamba pale palikuwa na watu wanaofanya kazi, na kwamba sasa hawapo.

Makambako

Makambako ina historia yake ya mimea. Iko chini kidogo kuliko Njombe, ina joto zaidi na mvua haba. Mji ulikua kwa reli na barabara. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, iliweka stesheni pale, na barabara ya Songea huiacha hapo hapo ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Popote udongo unapochimbwa na kuhamishwa, mimea yenye haraka hufika kabla ya watu. Kwenye kingo za barabara ilitawala alizeti mwitu, ile yenye maua makubwa ya njano, mmea wa Mexico na Amerika ya Kati uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Kwenye viwanja vya makazi kero kubwa ilikuwa ndago na kishona nguo.

Bustani ya shule niliyofundisha ilikuwa na ndago tupu. Ndago haina ukubwa wa kutisha kama mwati, ila ina hila zaidi. Majani ukiyafyeka, vinundu vilivyo chini ya udongo, vimeunganishwa kwa nyuzi, huchipua upya. Ukilima kwa jembe na kukatakata nyuzi zile, kila kinundu kilichotengana kinakuwa mmea unaojitegemea. Tulichofanya na wanafunzi ni kulima kiangazi badala ya masika: tukachimba kwa uma hadi kina cha kiwiko, tukakung'uta udongo, tukaanika vinundu juani juu ya mabati hadi vikakauka kabisa. Baada ya hapo tulipanda maboga na matembele yaliyofunika ardhi, kwa sababu ndago hunyong'onyea kivulini. Haikuisha msimu mmoja. Iliisha nguvu, na hiyo ilitosha kuvuna mboga.

Alizeti mwitu nayo tuliigeuza mbolea. Majani yake yana naitrojeni nyingi na huoza haraka. Tulikata kabla haijachanua, tukafukia kwenye matuta ya kabichi. Hapo nikarudia somo la bustani ya mama. Mmea wenye nguvu ukiupatia kazi ya msimu, unajikuta unaukata kwa wakati bila kusukumwa.

Namna ya kuushika

Sasa nieleze ninavyoishi na mwati katika robo ekari yangu, kwa faida ya mwenye kiwanja kama changu.

Sina mpango wa kuumaliza. Udongo wangu una mbegu zilizomwagwa kabla sijainunua ardhi hii, na nyingine zitaishi kuliko mimi. Ninachofanya ni kuhakikisha kwamba hakuna mti unaotoa mbegu mpya ndani ya ua wangu. Benki ya mbegu isiyowekewa akiba mpya hupungua, mwaka hadi mwaka.

Mvua za Novemba na Desemba zikianza, maotea hutokea yakiwa na majani mawili matatu yaliyochanika kama unyoya. Hapo nayaacha. Ukiyakimbilia siku ya kwanza utakosa mengi ambayo hayajatoka. Januari, ardhi ikiwa imelowa vizuri na mche una urefu wa shubiri, naushika chini kabisa, karibu na udongo, nauvuta wima. Mzizi mkuu hutoka wote. Ukiushika juu utakatika, na mzizi uliobaki unaweza kukusumbua. Miche iliyong'olewa nailaza palepale iwe matandazo. Mwati hutengeneza naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, kwa hiyo mche uliooza ni chakula cha kabichi.

Mti uliokwisha kuwa mkubwa naukata chini kabisa, kisha nafanya kazi ya baba: nafukua udongo kuzunguka kisiki kwa jembe, nabandua gome lote hadi pale mizizi inapoanza kutawanyika. Kisiki kilichobanduliwa hivi hukauka. Kazi hii huwa rahisi zaidi masika, gome likiachia. Anayengoja kiangazi anajitafutia kazi mara mbili.

Sichomi matawi ndani ya bustani. Wengi hufyeka miwati, wakakusanya matawi katikati ya kiwanja na kuyatia moto, halafu wakashangaa mahali pa moto ndipo panapoota zaidi. Matawi yenye maganda ya mbegu nayapeleka jikoni. Yasiyo na mbegu nayatumia mipakani. Ikiwa mtu amenunua kiwanja kilichojaa mbegu na bado hajapanda kitu, hapo moto unaweza kumsaidia: achome mara moja mwisho wa kiangazi, mbegu nyingi ziote kwa pamoja, kisha azing'oe zote msimu uleule bila kubakiza. Lakini asichome kama hana hakika ya watu wa kung'oa. Moto bila palizi ni kupanda mwati.

Mimea mingine ya bustani ina njia zake, na nitaipitia upesi. Nyasi za kikuyu, zilizotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki hii hii na leo ni kero hadi Australia na Hawaii, nimezichimbia mfereji wa kina cha jembe kati ya uwanja wa nyumba na matuta, na kila mwezi nakata nyuzi zinazovuka. Mnanaa naupanda kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa. Mabingobingo ya ng'ombe nayaweka ukingoni mwa bustani, kamwe si katikati. Mpasheni naupogoa kila baada ya kuvuna, usipande mti wa parachichi na kuunyima jua.

Maji yaliyo chini yetu

Kuna mahali ambapo ubinafsi wa mwenye bustani hauruhusiwi, napo ni bondeni. Watu wa Njombe na Iringa tuna vinyungu, bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki. Mwati ukishuka kwenye vinyungu hunywa maji usiku na mchana, mwaka mzima, wakati nyasi za asili hulala kiangazi.

Afrika Kusini, nchi iliyotajirika kwa mwati, ilijifunza hili kwa gharama. Mwaka 1995, chini ya waziri wa maji Kader Asmal, ilianzisha mpango wa kuajiri watu maskini kung'oa miti ya kigeni iliyovamia vyanzo vya mito. Wenye mashamba ya miwati walibaki na mashamba yao. Miti iliyotoroka ndiyo iliyofuatwa. Wataalamu wao walileta pia fukusi kutoka Australia anayekula mbegu za mwati bila kudhuru gome, ili mkulima abaki na mali yake na mto ubaki na maji yake. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeuweka mwati katika orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani.

Sisi tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Wengi huisoma sheria hiyo kama katazo la kulima. Mimi ningependa isomwe pia kama wajibu wa kuangalia: mti uliojiotea ndani ya mita hizo haukuombwa na mtu, lakini una watu wa kuuondoa, nao ni wale wanaochota maji hapo.

Wajibu wetu

Zamani, mtu aliyezidiwa na shamba alialika majirani. Watu walikuja na majembe alfajiri, wakalima hadi jua lilipopanda, kisha wakanywa komoni au ulanzi kwa mwenyeji. Desturi ile imefifia, kwa sababu vibarua hulipwa fedha na kila mtu ana haraka zake. Msibani, hata hivyo, bado tunakuja wote. Tunaleta unga, kuni, maharage na michango. Tunakaa siku tatu, tunapika, tunaosha vyombo, halafu tunaondoka, na baada ya mvua mbili bustani ya mfiwa inaanza kuondoka nayo.

Napendekeza kwa vikundi vya akina mama, jumuiya za makanisa na kamati za mitaa, Njombe na Makambako pia: palizi ya Januari iingizwe katika mambo tunayomfanyia mfiwa, mgonjwa, na bibi anayelea wajukuu. Si kazi ya kutisha. Watu kumi wakiingia robo ekari asubuhi, kabla ya saa nne hakuna mche wa mwati uliobaki wima. Vivyo hivyo anayehamia Dar es Salaam au Mbeya kutafuta maisha akabidhi bustani yake kwa jirani kama anavyokabidhi ufunguo, na jirani aruhusiwe kuvuna kuni, fito na mboga kwa malipo ya kazi yake. Mwenye nyumba atarudi akute ardhi inayolimika, na jirani atakuwa amekula.

Miaka zaidi ya 70 imepita tangu miwati ya kwanza ya Tanwat ipandwe. Mti umetupa mishahara, nyumba, kuni na umeme, na hakuna sababu ya kuuchukia. Ila sasa tunazijua tabia zake: unasubiri, hauchoki, na hauingii pale penye mtu. Basi tuhakikishe kwamba kila bustani ina mtu, na pale mwenyewe asipoweza, mtu huyo awe mmoja wetu.